Maneno yana uzito kuliko asilimia 7

Kwenye mafunzo ya kuzungumza hadharani husemwa kwamba maneno hubeba asilimia 7 tu ya ujumbe, sauti 38, uso na mwili 55. Sivyo. Takwimu hizo zilitokana na majaribio mawili ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian na wenzake, yaliyochapishwa mwaka 1967. Washiriki walisikilizishwa neno moja moja, kama "labda", kwa sauti tofauti. Katika jaribio moja walionyeshwa pia picha za nyuso. Walichotakiwa ni kukisia tu kama msemaji anampenda au anamchukia anayezungumza naye. Hakuna aliyeelezwa mada yoyote, na Mehrabian mwenyewe amesisitiza kwamba hesabu hiyo inahusu hisia na mitazamo.

Kinachonisikitisha ni mtaalamu anayefanya mazoezi ya ishara za mikono huku sentensi zake zikibaki ngumu vilevile. Chukua mfano wa kueleza chanjo. "Huchochea mwitikio wa kinga" haimfikii msikilizaji wa kawaida, hata utabasamu vipi. Sema "huufundisha mwili kukitambua kirusi kabla hakijaingia", ataelewa hata redioni, asikouona uso wako. Sauti changamfu humweka macho, naam, lakini haimfafanulii kitu.