Foleni inamaliza betri ya gari la umeme?

Wengi wanaamini gari la umeme halifai mjini, kwamba ukinasa foleni ya Mbagala au Thika Road jioni betri itakata palepale. Si wazo la ajabu, kwenye gari la petroli injini inaunguma hata mkisimama na mafuta yanaenda bure.

Ila mota ya umeme gari likisimama nayo imetulia, haili kitu. Kinachokula ni AC, redio na taa, na hapo AC ndo mlaji mkubwa, kwa joto letu weka uniti 1 hadi 2 kwa saa, uniti zilezile za LUKU au tokeni, na Nissan Leaf ya 2018 ina betri ya uniti 40 ikiwa mpya. Halafu ukipunguza mwendo mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kiasi kwenye betri. Kinachomaliza chaji haraka hasa ni spidi kubwa hailwei, kwa sababu gari linasukumana na hewa mbele yake.

Hakikisha mwenyewe: mwenye gari asome asilimia kwenye dashibodi akiingia foleni na akitoka, basi.

Shida ya kweli kwa hizi za mtumba ni betri iliyochoka. Leaf inaonyesha vijimstari vya uzima wa betri pembeni ya geji ya chaji, mpya inakuwa navyo 12, vihesabu kabla hujalipa, na usikubali kuonyeshwa picha tu.