Samaki mdogo si lazima awe samaki wa tangi dogo

Kwa wafugaji wa samaki wa maji ya chumvi, samaki wa tangi dogo ni yule ambaye akishakua kabisa anaweza kula, kuogelea, kujificha na kukaa na wenzake katika lita 40 hadi 100, bila kuyachafua maji kuliko bakteria wanavyoweza kuyasafisha. Urefu wake siku ya kununuliwa haumo katika maana hiyo, lakini wauzaji wengi hutaja huo tu.

Yupo Dascyllus trimaculatus, yule mweusi wa madoa meupe, ambaye wachanga wake huishi kwenye anemoni, wanyama wa baharini wenye mikono inayochoma, hata katika miamba ya pwani yetu. Dukani ana sentimita 3 na si mwepesi kufa. Akikua hupita sentimita 10 na kulifanya tangi zima kuwa lake. Baharini anayefukuzwa hukimbilia mwamba mwingine. Ndani ya lita 60 hana pa kwenda, hung'atwa mapezi hadi akaacha kula.

Anayenihuzunisha zaidi ni Synchiropus splendidus, samaki mandarini wa rangi nyingi, wa Pasifiki ya magharibi. Huyu hata akikomaa hazidi sana sentimita 7, kwa hiyo kwa rula angefaa kabisa. Tatizo ni tumbo. Kutwa hudonoa kopepodi, vijidudu vinavyozaliana kwenye mawe, na mandarini wengi hawagusi chakula cha kopo. Kopepodi wa mawe machache ya tangi dogo huwamaliza upesi. Mwenye tangi humwona bado anadonoa, akadhani anashiba, kumbe tumbo limeshabonyea. Hufa kwa njaa polepole, na ndiye nimsikiaye akisifiwa kuwa wa tangi dogo "kwa sababu hakui". Labroides dimidiatus naye, msafishaji anayekula vimelea kwenye ngozi za samaki wengine, hawezi kushibishwa na majirani watatu.

Na maji machache hubadilika haraka: yakivukizwa, chumvi hubaki na kuzidi, chakula kikioza, amonia, ambayo ni sumu kwa samaki, hupanda.

Jozi ya Amphiprion ocellaris, samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari meupe, waliozaliwa kwenye matangi wanafaa, hasa kwenye lita 80 hivi. Gobi mdogo, samaki wa sakafuni, anayelinda mlango wa shimo linalochimbwa na kamba wake anafaa pia. Kwa mwingine yeyote, muulize muuzaji atafikia sentimita ngapi na anakula nini, kisha omba alishwe mbele yako kabla hujalipa.