Mswahili atie alama kisanduku kipi?

Tarehe 1 Novemba ndiyo siku ya mwisho ya maombi ya mapema katika vyuo vingi vikubwa vya Marekani, kwa hiyo Oktoba yote sina usingizi. Kazi yangu ni kuwaongoza vijana wanaozungumza Kiswahili, walioko huku na walioko nyumbani, wajaze maombi hayo. Kabla ya hapo nilikaa miaka kadhaa upande wa pili wa meza, nikisoma mafaili ya waombaji katika chuo ambacho sitakitaja.

Wiki iliyopita alinipigia mama mmoja wa Kimombasa anayeishi huku. Yeye ni Mdigo. Ukoo wa mumewe ulitoka Oman. "Mwanangu," akasema, "huyu binti yetu tumtie kisanduku gani?"

Fomu haiulizi kabila kwa maana yetu, ingawa nimewahi kuona mtu ameandika "Mchaga" bila wasiwasi wowote. Inauliza mbari, yaani rangi na asili ya mtu, kwa mafungu yaliyopangwa na serikali ya Marekani mwaka 1997. Mwenye asili ya watu weusi wa Afrika ni Mweusi. Mwenye asili ya Bara Hindi ni Mwasia. Mwenye asili ya Ulaya, Mashariki ya Kati au Afrika Kaskazini ni Mzungu. Naam, Mzungu. Kwa hesabu hiyo Mdigo, Mbohora wa asili ya Kihindi na mtu wa asili ya Oman waliokulia kichochoro kimoja cha Mji wa Kale, wakanunua mahamri kwa mama mmoja, wanakwenda visanduku vitatu. Machi 2024 serikali ilitangaza kwamba watu wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini watapewa fungu lao wenyewe, ila mashirika yake yamepewa miaka kadhaa ya kubadilisha fomu.

Halafu kuna pasipoti, jambo ambalo wazazi walioko Nairobi na Dar hawalitarajii. Kijana anayekuja kwa viza ya mwanafunzi huhesabiwa katika takwimu za serikali kama mgeni, basi, awe mweusi kama mkaa au mweupe kama maziwa. Kijana wa familia ya Goma iliyopokewa huku kama wakimbizi huhesabiwa pamoja na wenyeji, kwenye fungu la Weusi. Wanaweza kukaa bweni moja na kuteta kwa Kiswahili usiku kucha, lakini chuo kikitangaza asilimia ya wanafunzi wake weusi, mmoja yumo na mwingine hayumo.

Je, visanduku hivi bado vina kazi? Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi zilizofunguliwa dhidi ya Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina, ikavizuia vyuo kumpa mwombaji uzito kwa sababu ya mbari yake. Wengi nyumbani walidhani kabla ya hapo mweusi alikuwa akiongezewa maksi. Mfumo wa maksi uliwahi kuwapo kweli: Chuo Kikuu cha Michigan kilitoa pointi 20 kati ya 150 kwa waombaji wa mbari zenye uwakilishi mdogo. Mahakama iliufuta mwaka 2003. Siku hiyo hiyo, katika kesi ya shule ya sheria ya chuo hicho hicho, iliruhusu mbari iangaliwe kama jambo moja kati ya mengi, na Jaji Sandra Day O'Connor akaandika kwamba anatarajia baada ya miaka 25 jambo hilo halitahitajika tena. Miaka 25 ingeishia 2028. Mahakama haikungoja.

Kwenye meza yetu ilikuwa hivi. Wengi mno wa waombaji waliotufikia wangeyamudu masomo, kwa hiyo hatukuwa tukichuja wasiofaa. Tulikuwa tukipanga kundi: mpiga zeze, mtoto wa mkulima, mwanahisabati asiyesema na mtu, binti wa mji ambao haujawahi kutuletea mwanafunzi. Mbari iliingia humo. Mara nyingine ilimsukuma mtu juu kidogo, mara nyingi haikutajwa kabisa. Siwezi kusema haikumgharimu yeyote. Nafasi zikiwa chache, na Harvard huchukua watu kama 4 katika kila 100 wanaoomba, ukimpa mmoja umemnyima mwingine. Waasia waliolalamika hawakuwa wakiota: kesi ilionyesha kuwa Harvard iliwapa, kwa wastani, alama za chini za "haiba". Anayeijua historia alikunja uso hapo. Miaka ya 1920 rais wa chuo hicho hicho, A. Lawrence Lowell, alitaka kupunguza idadi ya Wayahudi, na upimaji wa "tabia" ukawa moja ya njia.

Sasa fomu bado inauliza, ila tangu Agosti 2023 mfumo wa pamoja wa maombi unaviruhusu vyuo kulificha jibu lisionekane na wasomaji wa mafaili. Matokeo ya mwaka wa kwanza hayakufanana. Katika chuo cha MIT, wanafunzi wapya weusi walishuka hadi asilimia 5, kutoka wastani wa 13. Amherst, kutoka 11 hadi 3. Yale wakabaki 14, na Princeton hawakusogea. Kabla hujashangilia wala kulia, uliza asilimia hiyo imepigwa juu ya watu gani. Harvard ilitangaza kushuka kutoka 18 hadi 14, lakini mwaka huo huo waliokataa kutaja mbari walipanda kutoka asilimia 4 hadi 8. Wale waliokaa kimya ni akina nani? Vyuo vingine huwatoa kabla ya kupiga hesabu, vingine huwaacha ndani.

Nina jambo ambalo huwa gumu kulisema mbele ya wazazi wenzangu wahamiaji. Lile fungu la Weusi katika vyuo hivi tulilijaza sisi kuliko idadi yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta wahamiaji na watoto wao ni asilimia 27 ya wanafunzi weusi katika vyuo teule vilivyochunguzwa, na 41 katika vile vya Ivy League, kundi la vyuo vinane vikongwe, ilhali walikuwa kama 13 tu ya vijana weusi wa rika lao nchini. Mjadala wa kuwainua wajukuu wa watumwa wa Georgia na Mississippi ulifungua mlango, na miongoni mwa walioingia walikuwamo watoto wa madaktari kutoka Lagos na Nairobi. Sisemi watoto wetu waliiba kitu. Nasema tu kwamba kisanduku kilikuwa kipana mno kwa kazi kiliyopewa.

Na kuna mlango ambao mahakama haikuugusa. Data zilizoibuka katika kesi ya Harvard zilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 40 ya Wazungu waliopokewa walikuwa wanamichezo walioitwa na makocha, watoto wa waliosoma pale, watoto wa wafanyakazi, au majina yaliyo kwenye orodha maalumu ya mkuu wa udahili. Amherst na Johns Hopkins wameacha kuwapendelea watoto wa wahitimu wao. Wengine wanatafakari, na watatafakari sana.

Nirudi kwa mama wa Mombasa. Nilimwambia binti anaweza kutia alama mbili, Mweusi na Mzungu, kisha serikali itamhesabu katika fungu la nne, la wenye mbari zaidi ya moja. Akacheka hadi akakohoa. Kilichobaki na uzito ni insha. Katika uamuzi ule wa 2023 Jaji Mkuu John Roberts aliacha nafasi hapo: mwombaji anaruhusiwa kueleza jinsi mbari ilivyogusa maisha yake, mradi chuo kimpime yeye kwa ujasiri au uwezo aliouonyesha. Rangi peke yake haihesabiki.

Rasimu ya kwanza ya binti ilijaa "utofauti" na "urithi wangu tajiri". Niliifuta yote nikamuuliza Jumamosi huwa anafanya nini. Mama huuza viazi karai, yeye hupokea oda kwa simu. Nusu ya wateja ni Wakongo wanaosema "minataka", nusu ni watu wa pwani, na mwaka juzi oda zilikuwa zikichanganyika kila wiki hadi akatunga orodha ya bei inayoeleweka na pande zote mbili. Aliniletea rasimu ya pili jana usiku. Aya ya kwanza inahusu ukwaju ulioisha saa nne asubuhi.