Je, wajua kwa nini wanawake wa Lamu waliacha kutembea ndani ya shiraa?

Mgeni anayeingia Makumbusho ya Lamu, lile jumba la ghorofa linalotazama bahari, huvutwa kwanza na siwa, pembe kubwa za kupulizwa ambazo Waamu na Wapate walijivunia tangu zamani. Shiraa huipita bila kuuliza. Ni nguo pana iliyoinuliwa kwa vijiti, ikashuka pande zote mpaka karibu na ardhi. Ndani yake alitembea mwanamke wa kiungwana, haonekani uso, wala umbo, wala rangi ya nguo alizovaa. Hivyo ndivyo mke wa mtu mwenye jina alivyopita vichochoroni Mkomani, mtaa wa waungwana mjini Lamu, akienda arusini au matangani, aghalabu usiku, hadi mwanzoni mwa karne ya 20.

Kisha shiraa ikatoweka, na haikuchukua muda mrefu. Ukiuliza sababu, wengi watakwambia buibui lilikuja kutoka Arabuni, watu wakalipenda. Ni kweli, lakini haitoshi. Vazi la heshima haliachwi kwa sababu duka limeleta jingine. Shiraa ilikwisha kwa sababu waliokuwa wakiishika miti walipata haki ya kukataa.

Tuanze na nyumba, maana shiraa haieleweki bila nyumba. Nyumba ya mawe ya Lamu ina daka mlangoni, ndipo mwenye nyumba alipozungumza na wageni wa kiume. Ukivuka daka unakuta kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, halafu misana, kumbi ndefu nyembamba, halafu ndani, chumba cha mwisho chenye zidaka, vishubaka vya chokaa, ukutani. Kila hatua unayopiga kuelekea ndani inakuingiza zaidi katika makao ya wanawake. Juu ya baadhi ya vichochoro kuna wikio, chumba kilichojengwa kikavuka njia na kuunganisha nyumba mbili, ili ndugu wa kike watembeleane bila kukanyaga barabara.

Na nyumba hiyo, aghalabu, ilikuwa ya mwanamke. Mungwana mwenye uwezo alimjengea binti yake nyumba, au alimwongezea ghorofa juu ya yake, naye mume akaja kuishi kwa mkewe. Ndoa ikivunjika, anayefunga virago ni mume. Jambo hili huwashangaza wengi wanaodhani mwanamke wa zamani wa pwani hakuwa na chochote. Alikuwa na mali, alikuwa na dhahabu, na wengine walikuwa na elimu: Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia bintiye utenzi mwaka 1858, na hakuwa yeye peke yake aliyejua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Alichokosa ni njia ya kutoka nje peke yake.

Nani basi alichota maji kisimani? Nani alikwenda sokoni, akapeleka ujumbe kwa shangazi, akafua, akatwanga? Ni wajakazi, watumwa wa kike. Hao ndio walioonekana mjini kutwa, kichwa wazi, wamejifunga kaniki, maana kujifunika kulikuwa alama ya uungwana na wao hawakuruhusiwa. Bibi alipotaka kutoka, wajakazi walishika miti ya shiraa wakatembea naye. Kwa hiyo ukitazama shiraa vizuri unawaona wanawake wa aina mbili: aliyefichwa kwa sababu ana hadhi, na aliyeachwa wazi kwa sababu hana. Stara ya mmoja ilitokana na jasho la mwenzake. Nasema hivi bila kuwadharau mabibi zetu, ila si haki kusimulia uzuri wa shiraa na kuwasahau walioibeba.

Biashara ya watumwa baharini ilipigwa marufuku na Sultani wa Zanzibar mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea majumbani na mashambani. Katika pwani ya Kenya ya leo, sheria ya kuufuta ilitoka mwaka 1907. Haikubadili kila kitu kwa siku moja. Wako waliobaki palepale kwa sababu hawakuwa na pa kwenda, au kwa sababu mtoto waliyemlea ni kama wao wenyewe waliomzaa. Lakini wengi waliondoka. Mombasa ilikuwa na reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896, bandari yake ikakua, na kazi ya mshahara ilipatikana huko. Mashamba ya waungwana kule bara, ng'ambo ya kisiwa, yaliyokuwa yakitoa mtama na ufuta, yakakosa wa kuyalima. Meli kubwa nazo zikaipita Lamu. Katika kizazi kimoja, jamaa zilizokuwa na watumishi tele zikawa zinahesabu pishi za mchele.

Hapo ndipo buibui lilipoingia. Buibui la zamani silo hili la leo linalovaliwa kama joho. Lilikuwa nguo nyeusi pana iliyoshonwa ikazunguka mwili mzima, yenye ukanda wa kufunga kwenye paji la uso. Mwanamke alifunga ukanda nyuma ya kichwa, akaivuta nguo iliyobaki ikamshukia mabegani, akabana pindo kwa mkono. Akiwa na mzigo, alilibana kwa meno. Ukaya mwembamba ulifunika uso kwa anayetaka. Kazi yote hiyo aliifanya mwenyewe, mlangoni pake, bila kumwita mtu. Akamaliza, akatoka.

Ndiyo maana najikuta nikipingana na wale wanaoandika kwamba buibui lilikuja kumfunga mwanamke wa pwani. Kwa binti wa Mkomani wa miaka ile, buibui lilimpa miguu yake. Kwa mara ya kwanza aliweza kwenda kwa mamake mchana bila kutafuta mikono ya kumbebea stara. Sisemi alikuwa huru kwenda atakako. Ruhusa ya baba au mume ilibaki palepale, na uvumi wa mtaani ulikuwa mlinzi mkali kuliko wote. Lakini barabara ilifunguka kidogo.

Kwa upande wa pili, jambo lilikuwa kubwa zaidi. Mwanamke aliyeachwa huru naye alinunua buibui. Kile alichokatazwa jana, leo alikivaa kwa pesa yake, akapita njia ileile. Ndani ya nyumba alitupa kaniki akajifunga leso za rangi. Pale Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887, likawa mashuhuri kwa leso hizo, hata chapa yake ya “Mali ya Abdulla” ikajulikana pwani nzima. Mtu aliyesimama mbali hakuweza tena kupambanua nani mjukuu wa mungwana na nani mjukuu wa mjakazi. Kwa mji uliokuwa umejipanga kwa nasaba, kuanzia mahali pa kukaa hadi nani wa kuoa nani, huo ulikuwa mtikisiko.

Langoni, upande wa kusini wa mji, mtikisiko huo ulikuwa na sura ya dini pia. Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Visiwa vya Ngazija, aliwasomesha watu ambao waungwana hawakutaka kukaa nao darasani, na msikiti wake wa Riyadha ukasimama mwanzoni mwa karne ya 20. Maulidi yake yakawa ya wote.

Mabadiliko ya kazi yalifuata hali ya mfuko. Mwanamke aliyezoea kutumikiwa ilimbidi atafute pesa bila kuvunja heshima, na sindano ikamfaa. Kofia ya vito ya Lamu hutobolewa matundu madogo yanayochora maua na nyota, kisha kila tundu huzungushiwa uzi kwa mkono, moja baada ya jingine. Kofia moja nzuri inaweza kumchukua mshonaji miezi. Aliishona msanani, mtu mwingine akamuuzia. Wale waliolelewa kufanya kazi nje hawakuhitaji hila hiyo: walijua soko na bei, na baadhi yao ndio waliokuwa makungwi, wakiwafunda na kuwapamba maarusi wa nyumba zilezile za mawe. Ujuzi uliokuwa alama ya unyonge ukageuka riziki.

Shule ilikawia zaidi. Wasichana walisoma Kurani chuoni, lakini skuli ya serikali ilitiliwa shaka kwamba itawatoa katika dini. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu, aliandika katika miaka ya 1930 kwamba kumnyima binti elimu ni kuuharibu umma wenyewe. Hoja iliyotoka kwa mwanachuoni ilikuwa na uzito ambao afisa wa kikoloni hakuwa nao. Miaka ya 1950 ilipokuwa ikielekea ukingoni, wanawake Waislamu wa Mombasa walidai kura ambayo serikali ilikuwa imewapa wanaume wa Kiarabu na kuwanyima wao. Waliodai walikuwa wanawake wa mabuibui.

Baada ya uhuru wa 1963, wasichana wa Lamu waliingia katika ualimu, uuguzi na kazi za ofisi, polepole kuliko wenzao wa Mombasa, kwa sababu shule zilikuwa chache na mabinti wengi waliolewa mapema. Uchungu wa kukatizwa masomo bado uko katika nyumba nyingi, na hauondolewi na hadithi yoyote nzuri ya maendeleo. Lakini mwaka 2022 wapiga kura wa Lamu Mashariki, jimbo linalotoka Faza hadi Kiunga karibu na mpaka wa Somalia, walimchagua Ruweida Obbo kuwa mbunge wao. Kampeni za huko hufanywa kwa boti, kijiji hadi kijiji, na anayeomba kura hushuka majini mwenyewe akapanda pwani kusalimu watu.