Kabla ya Kumwita Farasi Mkaidi

Vijana wanaoniuliza kuhusu taaluma ya tabia na ustawi wa farasi huanza kwa kuungama kwamba hawajui kumpanda, kana kwamba hilo ndilo sharti. Sharti ni kujua kumtazama, na kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyodhaniwa.

Mwaka 1904 mjini Berlin, farasi aitwaye Hans aliwashangaza watu kwa kujibu hesabu akigonga kwato chini. Mwanasaikolojia Oskar Pfungst, aliyechapisha uchunguzi wake mwaka 1907, alionyesha kwamba Hans alikuwa akiusoma mwili wa muulizaji, ambaye bila kujijua aliinua kichwa kidogo pale idadi sahihi ilipofikiwa. Wengi husimulia kisa hiki kama kichekesho. Mimi huona kwamba mnyama anayeng'amua mtikisiko mdogo kiasi hicho ametushinda kwa utazamaji.

Kwa hiyo tunawafundisha wanafunzi kuanza na uso. Kipimo cha maumivu kilichochapishwa mwaka 2014 kina alama sita, zikiwemo masikio yaliyokakamaa kuelekea nyuma, macho yaliyobanwa, pua zilizokaza, na mdomo uliofumbwa kwa nguvu hata kidevu kikajitokeza. Kila alama hupewa 0, 1 au 2 kulingana na inavyojitokeza. Mwanafunzi husimama kando ya banda bila kumsemesha mnyama, akaandika anachokiona. Farasi anayerudi nyuma kila aonapo tandiko huitwa mkaidi, kumbe huenda mgongo unamuuma.

Hapo ndipo elimu jumuishi, yaani elimu inayompa kila mwanafunzi, hata mwenye ulemavu, njia ya kushiriki, inapoingia. Nchini Norwei watafiti waliwafundisha farasi 23 kugusa kwa pua vibao vyenye alama, ili waombe kuvishwa blanketi, kuvuliwa au kuachwa walivyo. Katika wiki mbili wote walielewa, na siku za mvua na baridi waliomba blanketi. Haja walikuwa nayo siku zote; njia ya kuisema ndiyo waliyoikosa. Vivyo hivyo, mwanafunzi kiziwi aweza kuupima uso wa farasi barabara, akafeli zoezi kwa sababu mwalimu alitoa maelekezo huku ameligeuzia darasa mgongo. Kosa hilo nimewahi kulifanya mwenyewe.

Wanaoingia katika taaluma hii hutoka katika udaktari wa mifugo, zoolojia au saikolojia, kisha husoma uzamili na uzamivu. Msomaji wa Lamu asiye na farasi karibu aweza kuanza kujizoeza kutazama kwa punda wa mtaani kwake, ila akumbuke kwamba punda huficha maumivu kuliko farasi, na kipimo cha farasi hakimfai bila kurekebishwa.