Je, wajua kwa nini lami hupandisha bei ya nyanya shambani na kuishusha sokoni?

Barabara ya vumbi inayoshuka kutoka mashambani ikiwekwa lami, bei hufanya jambo la kushangaza. Mkulima wa nyanya kwenye miteremko ya Mlima Meru huanza kulipwa zaidi kwa kila tenga. Wakati huohuo, mama anayenunua nyanya soko la Kilombero, Arusha mjini, huanza kulipa kidogo kuliko zamani. Tumezoea kwamba bei ikimfurahisha muuzaji humuumiza mnunuzi. Hapa wote wawili wamepata. Hiyo pesa imetoka wapi?

Imetoka njiani. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme tenga linauzwa Kilombero kwa shilingi 30,000, na kulitoa shambani hadi sokoni kunakula shilingi 14,000. Mkulima anabaki na 16,000. Lami ikija, gharama ya njiani ikashuka hadi 8,000, kuna shilingi 6,000 ambazo hazina mwenyewe tena. Wachuuzi wakianza kugombania mzigo, bei ya shambani inapanda hadi 19,000. Mzigo ukiongezeka sokoni, bei ya pale inashuka hadi 27,000. Hakuna aliyenyang'anywa kitu. Kilichopungua ni pesa iliyokuwa ikiishia kwenye mashimo.

Na kwenye mashimo huishia mengi kuliko mafuta ya gari. Kuna springi zinazokatika na tairi zinazochanika kwenye mawe. Kuna muda: kenta iliyoweza kwenda sokoni mara mbili kwa siku inakwenda mara moja, lakini dereva na utingo wanakula siku nzima. Kuna nyanya zenyewe, maana tenga la chini likirushwarushwa kwa saa tatu linafika likiwa limegeuka rojo, na mchuuzi mwenye akili hukata hasara hiyo mapema, akiwa bado shambani, kwa kumpunguzia mkulima bei. Masika yakiingia ndiyo basi kabisa. Gari moja likikwama kwenye tope, yaliyo nyuma yake yote yanalala hapo.

Halafu kuna gharama isiyoonekana kwa macho, nayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote. Barabara mbovu huchagua wanunuzi. Kijiji ambacho hufikiwa na mtu mmoja tu mwenye gari la kuhimili njia hiyo, bei hupangwa na mtu huyo. Mkulima anaweza kukataa, lakini nyanya haikai. Njia ikitengenezwa wakaja wachuuzi watano, na mmoja wao anapeleka Moshi, mwingine Nairobi, mkulima anapata kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho: neno la kusema kuhusu bei. Ndiyo maana lami pekee haitoshi kama biashara ya usafiri imebaki mikononi mwa mtu mmoja. Zile shilingi 6,000 zitaishia mfukoni mwake, na mkulima ataona barabara inang'aa huku bei yake iko palepale.

Hili halikuanza na lami. Kahawa ililetwa Kilema na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, na udongo wa Kilimanjaro uliipokea vizuri. Tatizo lilikuwa umbali wa kufika baharini. Mpagazi alibeba kama kilo 30, na kutoka Moshi hadi Tanga ni mwendo wa takriban kilomita 350, yaani kama wiki mbili kwa miguu, huku wapagazi wanahitaji kula na kulipwa. Kahawa ya wakulima wadogo isingeweza kulipia safari hiyo. Reli kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, gunia likapata njia rahisi ya kufika melini. Mwaka 1925 wakulima wa Kichagga walishaunda chama chao, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichojenga jina la Moshi katika biashara ya kahawa. Arusha ilisubiri reli hadi mwaka 1929.

Mchumi Dave Donaldson alichambua kumbukumbu za India ya wakati wa ukoloni na kukuta kwamba wilaya ilipofikiwa na reli, kipato halisi cha kilimo kilipanda kwa takriban asilimia 16. Karibu na kwetu, Remi Jedwab na wenzake walitazama reli ya Kenya. Wakaona kwamba miji iliyoota kandokando yake iliendelea kuwa miji hata baada ya reli yenyewe kudhoofika. Moshi tunalijua hilo bila kusoma popote. Treni ya abiria ilikosekana kwa zaidi ya miaka 20, ikarudi Desemba 2019, na Arusha Oktoba 2020, na katika muda wote huo mji haukurudi kuwa pori. Watu, maduka, shule na gereji vilishakusanyika pale, na kila mmoja alibaki kwa sababu wengine walibaki.

Sasa ajira. Serikali inapozindua ujenzi, tunasikia ni vijana wangapi wataajiriwa, na ni kweli wanaajiriwa: vibarua, madereva wa greda, wapima, walinzi, wanaochimba kokoto, mama lishe anayepika wali maharage kando ya kambi. Hizo ni pesa halisi na zinazunguka kijijini. Lakini mkandarasi akifunga kambi, nyingi zinaondoka naye. Ajira zinazobaki huja baadaye, tena mara nyingi hazitajwi kwenye hotuba kwa sababu hakuna aliyeziajiri moja kwa moja.

Karatu ndiyo mfano ninaoupenda. Barabara ya kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro iliwekwa lami mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa msaada wa Japani. Kabla ya hapo ilikuwa vumbi na mashimo, gari la watalii likifika jioni na abiria waliochoka kabisa. Pita leo Mto wa Mbu na Karatu uhesabu lodji, gereji, vituo vya mafuta, wauza ndizi nyekundu, maduka ya vinyago, mafundi seremala wanaotengeneza vitanda vya hizo lodji. Mkulima wa mboga wa pale anauza kwa mpishi wa hoteli. Dereva wa watalii anajenga nyumba, fundi mwashi anapata kazi, na mke wa mwashi anafungua genge. Siwezi kusema lami peke yake ndiyo iliyofanya yote hayo, maana Ngorongoro ilikuwapo tangu zamani na watalii waliongezeka kwa sababu nyingine pia. Lakini bila njia, wengi wangeendelea kupita haraka wakiwa wamejifunika vitambaa usoni.

Tena angalia vitunguu vya Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi. Vikishafika kwenye lami Karatu vinakwenda popote, hadi Nairobi. Kinachoamua bei ya mkulima ni kile kipande cha vumbi kati ya jaruba lake na lami. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoshangilia barabara kuu peke yake. Kilomita chache za changarawe nzuri, zenye mitaro na makalavati, kwenye miteremko ya Kibosho au Rombo zinaweza kumsaidia mama mwenye mikungu ya ndizi kuliko njia nne za mjini. Barabara hizo za wilaya ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017, wakati barabara kuu na za mikoa zinabaki kwa TANROADS.

Na si lazima kitu kinachojengwa kiwe barabara. Lori lililosimama mpakani usiku mzima linakula pesa sawa na lililokwama topeni. Kituo cha pamoja cha mpakani Namanga, kilichozinduliwa Desemba 2018 na marais John Magufuli na Uhuru Kenyatta, kiliweka maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja ili mzigo usikaguliwe mara mbili. Kwa nyanya, saa zilizookolewa hapo ni kama kusogeza Nairobi karibu na Arusha.

Kuna wanaoumia pia, na haki itendeke kuwataja. Njia inayotoa nyanya ndiyo hiyohiyo inayoingiza viatu vya bei poa, na fundi viatu wa kijijini anakosa wateja. Barabara ya mchepuo ikilipeleka lori nje ya mji, moshi na foleni vinapungua mjini, lakini mwenye mgahawa uliotegemea madereva anabaki na meza tupu.

Halafu yote haya hudumu kadiri barabara inavyodumu. Majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kuwa uharibifu hauongezeki sambamba na uzito: mzigo wa ekseli, ule mhimili unaobeba magurudumu, ukiongezeka mara mbili, barabara huumia takriban mara 16. Gari dogo haliiumizi lami karibu chochote. Lori lililozidisha tani chache linaweza kula miaka ya barabara. Pesa za matengenezo hutoka kwa sehemu kubwa kwenye tozo ya mafuta inayoingia Mfuko wa Barabara, yaani kila anayejaza tangi, na bodaboda wa Majengo akiwemo, anachangia kuziba mashimo yaliyochimbwa na lori hilo. Kwa hiyo ile foleni ya malori kwenye mizani ya Njiapanda, Himo, ambayo madereva huilalamikia kila siku, inalinda bei ya nyanya ya mkulima ambaye hajawahi hata kufika Himo.