Je, wajua kwa nini ziwa hulala asubuhi na kuamka saa nane mchana?

Rafiki yangu mmoja, mzaliwa wa Tanga, alikuja Arusha na ubao wake wa tanga (windsurfing) umefungwa juu ya keria ya gari. Jumamosi asubuhi tukaenda Duluti kwa sababu ndilo ziwa la karibu, kilomita 14 hivi kutoka mjini, unaingilia Tengeru. Tukasimamisha mlingoti, akaingia majini, na tanga likaning'inia kama kanga iliyosahaulika kambani. Akaishia kukaa juu ya ubao akichezesha miguu kwenye maji, kenge mmoja akimtazama kutoka kwenye gogo. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba ukiinua macho, vilele vya miti iliyozunguka ziwa vilikuwa vinayumba. "Upepo upo," akasema, "ila hautaki kushuka."

Alikuwa amesema kweli kuliko alivyodhani.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, huo ni ubao unaoelea, uliochomekwa mlingoti wenye tanga. Tofauti na ngalawa, mlingoti haukukazwa wima. Umeungwa kwa kiungo kinacholala upande wowote, na anayesimama juu yake ndiye kamba, ndiye usukani. Akiuinamisha mbele, ubao unageuka kukimbia na upepo; akiuinamisha nyuma, unageuka kuuelekea. Mmarekani Newman Darby alitengeneza wa kwake mwaka 1964 huko Pennsylvania, jimbo lisilo na pwani ya bahari, kwa hiyo watu wa Tanga wasijifanye mchezo ni wao. Mwaka 1984, Los Angeles, ukaingia kwenye Olimpiki.

Sasa turudi kwenye ile miti. Upepo unaokutana na msitu au ukuta wa kreta haupigi kona na kushuka mara moja upande wa pili. Unaruka juu, na nyuma ya kizuizi unabaki mfuko wa hewa iliyotulia au inayozunguka ovyo. Kiite kivuli cha upepo. Kanuni ya kukadiria ya watu wa matanga ni kwamba kizuizi huharibu upepo kwa umbali wa mara 10 hadi 20 ya kimo chake. Piga hesabu ya Duluti: miti ya mita 25 inatupa kivuli cha mita 250 mpaka 500, na ziwa zima halifiki kilomita moja kwa upana. Unachobaki nacho katikati ni kipande kidogo ambacho unakivuka kabla hujakaa sawa.

Chala, kule Rombo, mpakani na Kenya, ni kisa hichohicho kwa ukubwa zaidi. Kwa macho, sijaona ziwa zuri kulishinda katika mkoa wa Kilimanjaro: maji ya buluu ndani ya bakuli la kreta ambalo kuta zake zinafika mita 100 hivi. Lakini mita 100 mara 10 ni kilomita moja, mara 20 ni mbili, na bakuli lenyewe ni la kilomita mbili na ushee tu. Upepo ukiingia humo, unaingia kwa mikupuo, mmoja kutoka kushoto, wa pili kutoka nyuma. Tena kuna mamba, na ufukoni unashuka kwa miguu. Sitaki hata kufikiria kuupandisha ule mlingoti.

Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni saa.

Mtu wa Moshi anaijua bila kujua kwamba anaijua. Alfajiri Kibo iko wazi, nyeupe, unaweza kuipiga picha ukiwa stendi. Kufika saa nne au saa tano mlima umejifunika, na mgeni aliyechelewa kuamka anaambulia mawingu. Yale mawingu ni upepo unaopanda. Jua likichoma miteremko, hewa iliyoigusa inapata joto, inakuwa nyepesi, inapanda; ikifika juu inapoa na unyevu wake unageuka wingu. Hewa inayopanda lazima ifidiwe, na inafidiwa kutoka tambarare za chini. Kwa hiyo mlima unapojifunika, huko chini kwenye mabonde hewa imeanza kutembea. Usiku mambo yanageuka: miteremko inapoa, hewa nzito inateremka polepole, mawingu yanayeyuka. Watu wa pwani wanao upepo wa aina hiyo kati ya nchi na bahari, na ule unaotoka bara alfajiri wanauita umande.

Kuna jambo la pili linalotokea saa zilezile. Usiku ardhi inapoza hewa iliyolala juu yake, na hewa hiyo baridi inakaa kama mfuniko. Kusi inaweza kuwa inavuma vizuri mita mia kadhaa juu, lakini inateleza juu ya mfuniko na haikufikii. Jua linahitaji asubuhi nzima kuuvunja. Ukishavunjika, hewa ya juu na ya chini zinachanganyika, na upepo wa juu unashuka hadi majini. Ndiyo maana saa tatu ziwa ni kioo, saa nane linatoa povu.

Wenzetu wameyapangia maisha mambo haya. Kwenye Ziwa Garda, Italia, upepo wa kaskazini wa asubuhi una jina lake, Pelèr, na ule wa kusini wa mchana unaitwa Ora, na watu wa matanga wanapanga siku kwa hizo zamu mbili. Ziwa limebanwa na milima pande mbili, bonde linakuwa bomba.

Sisi tunalo bomba letu. Bonde la Pangani linatoka kusini-mashariki, Milima ya Upare ikiwa mashariki yake, na ndani ya bonde hilo kuna Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960 pale mito ya Kikuletwa na Ruvu inapokutana. Likijaa lina zaidi ya kilomita za mraba 100. Kingo zake ni kame, vichaka vifupi na vumbi, hakuna msitu wa kutupa kivuli. Kwa utalii wa picha halina mvuto. Kwa tanga, hilo ndilo la kwenda. Kutoka Moshi unapita Himo, unakata kulia njia panda ya Kifaru.

Tulifika Jumapili saa nne, maji yametulia, na rafiki yangu akaanza kunung'unika. Nikamwambia aangalie mitumbwi: karibu yote ilikuwa imeshavutwa ufukoni, wavuvi wanapanga perege kivulini. Mtu anayepiga kasia kila siku hashindani na upepo wa mchana. Ratiba yake ndiyo utabiri wako, igeuze tu juu chini.

Kipimo hakihitajiki. Majani yakicheza bila kutulia, upepo uko fundo 7 hadi 10 (fundo ni maili moja ya baharini kwa saa), unatosha mwanafunzi. Vumbi na vipande vya karatasi vikiinuka, ni fundo 11 hadi 16, na hapo ubao unaanza kuinuka na kuteleza juu ya maji badala ya kuyapasua. Miti midogo ikiyumba mizima, umefika 17 na kuendelea. Kumbuka kwamba upepo ukiongezeka mara mbili, msukumo kwenye tanga unaongezeka mara nne. Anayeanza akiona miti inayumba afungue chupa ya soda akae.

Maziwa mengine nayapitia haraka. Jipe liko wazi na upepo unalifikia, lakini ni la kina kifupi na limevamiwa na magugu yanayonasa pezi la chini ya ubao. Manyara, Eyasi na Natron ni maji ya magadi, na kina mara nyingi hakitoshi hata kwa pezi; Natron inaunguza ngozi. Momella imo ndani ya hifadhi, waachie flamingo. Kuhusu msimu, mimi ningechagua Agosti mwishoni hadi Oktoba, jua likiwa limerudi na kusi haijaisha. Masika upepo unakuja na radi, na radi na mlingoti havipatani.

Nyumba ya Mungu nako si bwawa la kuogelea la hoteli. Kuna mamba na viboko, kwa hiyo unaanza kwa kuwauliza wenyeji ni upande gani wao wenyewe hawaingii majini. Kuna nyavu, tafuta maboya yake kabla hujaondoka. Konokono wa kichocho hupenda maji yaliyotulia penye majani. Ingilia penye changarawe na mawimbi, kisha upime baadaye.

Saa nane na nusu vumbi likainuka. Rafiki yangu akaenda, akarudi, akaenda tena, akipiga kelele za furaha mpaka watoto wakajaa ufukoni. Ilipokaribia saa kumi na mbili yuko mita 300 ndani, tanga likalegea ghafla. Mvuvi aliyekuwa anatoka kutega akamtupia kamba, akamvuta taratibu hadi nchi kavu. Walipofika akamwonyesha kaskazini, Kibo imevua wingu, nyekundu kwa jua la jioni. "Mlima ukitoka hivyo," akamwambia, "na wewe unatoka."